Chumvi Inakula Malori Majuu: Hivi Ndivyo Unavyookoa Chini ya Ndai Kabla Kutu Haijakula Doo Yako

Kuna ile stori ya majuu kila mtu mtaani anaijua. Msee anafika Marekani, anapata CDL, ile leseni ya magari makubwa, anapanda trela, anapiga maili kutoka Minnesota hadi Texas, na baada ya miaka michache kuna ploti nyumbani imeanza kuota ukuta. Kwa wengi stori hiyo ni ya ukweli. Udereva wa malori ni kazi ambayo imelisha familia nyingi hapa, na karo nyingi zimetoka kwa usukani wa trela.

Lakini kuna part moja haionekangi kwa zile picha za theluji tunatumiwa WhatsApp. Hiyo theluji nyeupe ikishuka barabarani, serikali za huko hazikai tu kuiangalia. Zinamwaga chumvi. Na chumvi hiyo, ikimaliza kuyeyusha barafu, inarukia chini ya gari, inajificha kwa kila kona, na inaanza kutafuna chuma polepole kama mchwa kwa mlango wa mbao.

Kama una bro, cuzo ama mbuyu anaendesha huko, ama wewe mwenyewe unajipanga kwenda, soma hii hadi mwisho. Na hata kama hauna plan ya kutoka Rongai, usitoroke, kwa sababu baadhi ya hizo ndai zenye zimelambwa na chumvi zinashukanga bandari ya Mombasa zikiwa zimeng'arishwa, na kuna mtu anazinunua.

Chumvi inafanya nini kwa lami?

Chumvi inayomwagwa ni ile ile ya ugali na mayai, tofauti ni kwamba haijasafishwa na iko kwa mawe makubwa. Maji ya kawaida yanaganda yakifika digrii 0. Ukiyatia chumvi, yanakataa kuganda hadi baridi izidi hapo. Kwa hivyo barafu iliyoguswa na chumvi inarudi kuwa maji, magurudumu yanapata kushika lami, na watu wanafika job wakiwa hai.

Jimbo la New Hampshire ndilo lilikuwa la kwanza Marekani kuifanya hii kitu kuwa sera ya kawaida, kwenye baridi ya 1941 na 1942. Leo majimbo yote ya kaskazini yanafanya hivyo: Minnesota, Michigan, Wisconsin, Ohio, Pennsylvania, New York, na ukivuka mpaka, Ontario na Quebec kule Canada. Eneo hilo lote Wamarekani huliita mkanda wa chumvi. Ukiona gari ya miaka 10 kutoka huko na nyingine ya umri huo huo kutoka Arizona, unaweza kudhani moja ni babu ya nyingine.

Chumvi ya kawaida inaanza kuchoka baridi ikipita digrii 9 hivi chini ya sufuri. Hapo ndipo wanaleta ndugu zake wakali, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya kalsiamu, mara nyingi zikiwa maji maji yanayopuliziwa barabarani hata kabla theluji ianguke. Mahali pengine wanachanganya na maji ya bitiruti ile ya kutengeneza sukari ili ishike lami vizuri. Shida ni kwamba kitu kinachoshika lami vizuri kinashika pia chasisi vizuri. Na hizi kloridi mbili zina tabia moja mbaya: zinavuta unyevu kutoka hewani. Gari inaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa na theluji, lakini chini bado kumeloa.

Kwa nini kutu inapenda chumvi hivyo?

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, hewa na maji. Ukitoa kimoja tu, mchezo umeisha. Chumvi peke yake haitengenezi kutu, lakini ikiingia kwa maji inayafanya yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu, ukiiangalia kisayansi, ni kabetri kadogo kanachofanya kazi juu ya chuma. Maji ya chumvi yanaongezea hako kabetri moto. Juu ya hiyo, kloridi inatoboa ule utando mwembamba ambao ungekinga chuma.

Sasa ongeza hii: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoitengeneza. Ikianza kati ya mabati mawili yaliyoshikana, inayasukuma yaachane, inapasua rangi, inafungua njia ya maji mengine kuingia. Ndio maana ukiona kipele kidogo cha kutu kwa nje, mara nyingi ndani hali ni mbaya zaidi. Kipele ni habari tu, sherehe yenyewe iko ndani.

Na hapa kuna kitu kinawachanganya wengi. Watu hufikiria baridi kali ndio mbaya zaidi. Hapana. Kwenye baridi kali kutu inaenda polepole. Inakimbia joto likipanda. Kwa hivyo msee anayetoa pikapu kwa barabara yenye chumvi na kuiingiza moja kwa moja kwa gereji yenye hita, bila kuiosha, anaipikia kutu chakula cha jioni. Na chumvi iliyobaki kwa mianya mwezi wa tatu haiendi likizo. Inangoja mvua ya mwezi wa tano, inaloa tena, inaendelea na kazi.

Hasara yake si ya mchezo

Mwaka wa 2017, AAA, ile jumuiya kubwa ya wenye magari Marekani, ilikadiria kwamba kutu inayoletwa na dawa za barafu inawagharimu madereva wa huko dola bilioni 3 kila mwaka, na kila safari ya kwa fundi ilikuwa karibu dola 500. Hiyo ni zaidi ya thao 60 za Kenya kwa kila tatizo.

Mwaka wa 2016, Toyota ilikubali kumaliza kesi kuhusu chasisi za pikapu za Tacoma na Tundra pamoja na SUV ya Sequoia zilizodaiwa kuoza kupita kiasi. Mpango huo uligusa magari takriban milioni 1.5 na ulikadiriwa kufika dola bilioni 3.4, na kampuni haikukubali kwamba ilikosea. Hebu fikiria: Toyota, gari ambayo hapa kwetu tunaapa haifi.

Lakini doo si ndio kitu kubwa. Chini ya gari ndiko paipu za breki zinapita. Kwenye pikapu na magari madogo, hizo paipu za chuma ni nyembamba sana, ukuta wake haufiki hata milimita 1. Kutu haihitaji miaka 20 kuutoboa. Siku inatoboka, unakanyaga breki na pedali inazama hadi sakafuni. Magari mengi yana njia mbili za breki, kwa hivyo nusu inabaki, lakini nusu ya breki kwenye barabara yenye barafu ni kitu hautaki kujaribu.

Mwaka wa 2015, NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilifunga uchunguzi wa miaka kadhaa uliogusa karibu pikapu na SUV milioni 5 za GM kuhusu paipu za breki kuoza. Haikuagiza zirudishwe kiwandani. Ilisema ni umri na chumvi, na ikawaambia wenye magari ya zamani kwenye majimbo ya chumvi waoshe chini ya magari yao na wakague hizo paipu. Ukitafsiri kwa lugha ya mtaa: buda, hii ni yako, jipange.

Kosa kubwa ni kuificha kutu

Watu wengi wakiona kutu, kitu ya kwanza wanafikiria ni kupaka kitu kizito cheusi. Kuna ile rangi ya mpira mnene kama lami ambayo mafundi wengi hupulizia chini ya gari. Ikipakwa kwa chuma kipya kisafi, inaweza kusaidia. Ikipakwa juu ya kutu, umeifunika blanketi. Ule mpira ukikauka na kupasuka, hata ufa mdogo, maji ya chumvi yanaingia na hayatoki. Kwa nje chini kunang'aa mweusi, kwa ndani chuma kinageuka biskuti. Siku fundi anagonga na nyundo, kipande kizima kinaanguka.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni hii: usifunge kutu ndani. Iondoe kwanza. Ukishindwa kuiondoa yote, tumia kitu kinacholowa na kupenya badala ya kitu kinachoganda na kufunika.

Na kitu hicho ni mafuta. Kwenye mkanda wa chumvi, madereva wengi wazoefu wanaamini mafuta maalum ya kuzuia kutu au yale yanayotengenezwa na lanolini, yale mafuta ya asili kwenye manyoya ya kondoo. Majina kama Fluid Film, Woolwax na Krown utayasikia sana huko. Hayakauki. Yanatambaa yenyewe hadi kwa mianya, yanaloweka hata kutu iliyoko, na yanasukuma maji nje. Ubaya wake ni kwamba yanaoshwa na maji ya barabarani pole pole, kwa hivyo lazima urudie kila mwaka. Lakini kurudia kila mwaka ni bei rahisi kuliko kununua chasisi.

Hatua kwa hatua

Hii kazi inafanywa mwezi wa tisa au wa kumi, kabla theluji ya kwanza. Chagua siku kavu. Ukipeleka kwa fundi sawa, lakini pikapu unaweza kuifanya mwenyewe Jumamosi.

1. Inua gari kwa usalama. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka stendi za chuma chini ya chasisi, ziba magurudumu na vigingi, kisha sukuma gari uone kama inatikisika. Usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki pekee. Kuna watu walienda kubadilisha oili na hawakurudi.

2. Osha na uache ikauke. Tumia maji ya presha chini yote, hasa juu ya tangi la mafuta, ndani ya matao ya magurudumu na mahali springi zinashikana na chasisi. Halafu iache ikauke kabisa, hata siku moja au mbili. Ukiharakisha, umefungia maji ndani.

3. Kagua. Shika tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Gonga chasisi polepole kila sehemu. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichooza kinatoa sauti nzito ya kufa. Bisibisi ikizama mahali penye ulitegemea chuma, achana na mafuta, tafuta welda anayejua chasisi. Fuata paipu za breki na za mafuta kuanzia mbele hadi nyuma. Ukiona zimevimba magamba, zibadilishe. Siku hizi kuna paipu za mchanganyiko wa nikeli na shaba ambazo kutu ya chumvi haizisumbui kama za chuma, na zinapindika kirahisi.

4. Kwangua. Vaa miwani na barakoa, chukua brashi ya waya, ondoa magamba yote yanayotoka. Si lazima chuma kiwe kama kioo. Unataka tu kutu iliyolegea itoke.

5. Tibu palipooza kidogo. Kuna dawa ya kugeuza kutu, nyingi zina asidi ya fosforiki au taniki. Inafanya kazi na ile kutu nyembamba iliyobaki, inaigeuza kuwa safu nyeusi iliyotulia. Ikikauka, paka rangi ya chuma juu yake. Hii ni ya mahali pa wazi unapofikia na brashi.

6. Puliza mafuta. Pikapu moja inakula kama lita 4. Tumia kompresa na bunduki yenye mrija mrefu unaopuliza pande zote, kwa sababu ndani ya chasisi ndiko kutu huishi. Ingiza mrija kwa kila tundu. Usisahau ndani ya milango upande wa chini, mlango wa nyuma wa kichanja, na mshono wa mabati juu ya magurudumu.

7. Jua mahali pa kuepuka. Mafuta hayafai kugusa diski na pedi za breki, kwa sababu breki zenye mafuta hazishiki. Zifunike na mifuko ya plastiki kabla uanze. Epuka ekzosi, itatoa moshi na harufu. Epuka mikanda ya injini, na usiloweshe mipira ya sasipensheni, kwa sababu baadhi ya mafuta yanavimbisha mpira. Pia usizibe yale matundu madogo chini ya milango na chasisi. Yaliwekwa ili maji yatoke. Ukiyaziba umejenga tangi.

Kwa siku chache gari itadondosha mafuta kidogo. Weka katoni chini, na kama mmekodisha na mwenye nyumba ni mkali, mwambie mapema.

Theluji ikianguka

Mafuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni maji. Wakati wa chumvi, osha chini ya gari kila wiki au kila siku 10, hasa baada ya dhoruba. Ngoja siku joto limepanda juu ya sufuri ili maji yasigande kwa milango na breki. Baadhi ya sehemu za kuosha magari zinatumia maji yaliyorudiwa, kwa hivyo uliza kama yale ya kusuuza chini ni safi, usije ukalipa kuoshwa na chumvi ya jirani.

Hauna doo ya kuosha kila wiki? Kuna mbinu ya mtaa huko: kale kadude ka kumwagilia nyasi kanachozunguka, unakaweka chini ya gari, unafungulia maji, kila baada ya dakika kadhaa unasongesha gari kidogo. Inafanya kazi poa siku yenye joto kidogo.

Na mwezi wa nne, barabara zikisafishwa, fanya oshao moja ya nguvu. Wengi huiruka kwa sababu jua limetoka na wanajiona wameshinda. Kumbuka ile chumvi iliyobaki inapenda joto.

Kwa wenye trela

Trela ina mambo yake. Breki zake ni za hewa, kwa hivyo hakuna mafuta ya breki ya kuvuja, na hewa ikiisha springi zinafunga breki zenyewe. Lakini chumvi ina njia nyingine. Inaingia kati ya chuma cha kiatu cha breki na ile bitana yake, kutu inavimba hapo, inainua bitana hadi inapasuka. Ukiona ufa au pengo kwa kingo za bitana, hiyo ni kutu imekuja kazini.

Adui wa pili ni nyaya. Kuna madereva na mafundi wanaotoboa waya na sindano ya tester kutafuta umeme. Kile kitundu kidogo ni mlango. Maji ya chumvi yanaingia, yanatambaa ndani ya waya, shaba inageuka unga wa kijani, na taa za nyuma zinakufa katikati ya usiku. Pima kwenye viunganishi, usitoboe. Na hivyo viunganishi, vipake grisi maalum ya umeme kabla baridi ianze.

Cha tatu ni chasisi ya tabaka mbili. Malori mengine yana vyuma viwili vilivyolala pamoja, na kutu ikiingia katikati inavisukuma hadi vinapinda kama mawimbi. Hiyo haipakwi rangi ikaisha. Sheria ya Marekani inamtaka dere ahakikishe gari iko sawa kabla hajaiendesha, na mkaguzi akikupata barabarani na chasisi yenye ufa, trela inasimamishwa hapo hapo. Hapo ndio unagundua mzigo una deadline, bosi ana simu, na installment ya loni haijui kitu inaitwa kutu. Kwa owner-operator, dakika 10 na tochi kabla ya safari ni kama kukagua mfuko wako wa pesa.

Vitu vya kuwachana navyo

Oili chafu ya injini. Huko na hapa kwetu, kuna wazee wanaapa nayo. Ni kweli ni mafuta, lakini imebeba uchafu na asidi kutoka kwa injini, ni sumu kwa ngozi, na ikidondoka inaenda kwa udongo na maji. Mafuta safi ya kuzuia kutu hayana hiyo drama.

Vile visanduku vya umeme vinavyouzwa kwamba vinazuia kutu kwa gari nzima. Umeme kweli unakinga meli na mabomba ya chini ya ardhi, lakini hivyo vinakaa ndani ya maji au udongo unyevu unaokamilisha njia ya umeme. Gari yako inakaa hewani. Doo hiyo nunua mafuta na chakula.

Na ile ahadi ya "puliza mara moja, kaa maisha". Chini ya gari kunapigwa mawe, mchanga na maji kila siku. Hakuna rangi inayokaa hapo maisha.

Sasa wewe uko Nairobi, inakuhusu nini?

Magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, na mengine Uingereza. Zote mbili zina chumvi. Waingereza wanaimwaga barabarani kila baridi, na kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, kuna theluji nyingi na dawa za kuyeyusha barafu. Sheria yetu inataka gari isizidi miaka 8 ikiingia, na inakaguliwa kabla isafirishwe, lakini miaka 8 ya baridi inatosha kuanzisha kutu ambayo wewe ndio utaimalizia.

Ukiagiza gari ya Japani, omba ile karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, herufi S inamaanisha kutu, na C inamaanisha chuma kimeanza kuliwa. Nambari ikipanda, hali inazidi. Soma pia maandishi kuhusu chini ya gari, yatafsiriwe kama hujui Kijapani. Ukiwa kwa yadi hapa, lala chini uangalie mwenyewe. Ukiona rangi nyeusi mpya imepulizwa kila mahali, hadi juu ya bolti, nati na paipu, uliza inaficha nini. Gonga. Dealer akikasirika kwa sababu umegonga chasisi, amekujibu.

Na wasee wa Mombasa, Kilifi na Lamu, nyinyi hamhitaji theluji. Upepo wa bahari unabeba chumvi bure, siku 365. Ile routine ya kuosha chini na kupuliza mafuta kila mwaka inawahusu vile vile, tofauti ni kwamba nyinyi hamna mwezi wa nne wa kupumzika.

Kwa ufupi

Kutu haiji na kelele. Inakuja na tone moja la maji ya chumvi kwenye mshono ambao haujawahi kuuona. Isafishe mapema, ikaushe, ipe mafuta kila mwaka, ioshe kila wiki wakati wa chumvi, na usiwahi kuifunika ukitumai itajiendea. Gari ya kazi ni kama ng'ombe wa maziwa: ukiingoja iugue ndio uishughulikie, utakuwa umechelewa.

Kama kuna mtu wako anaendesha trela ama pikapu huko kwenye baridi, mtumie hii leo kabla hajatuma picha nyingine ya theluji. Usimuulize tu atatuma doo lini. Muulize pia: paipu za breki uliziangalia lini mara ya mwisho?